Sifa za Marehemu Hita Plagi

Watu wamesifu mnazi, wamesifu ngamia, na kila baada ya miaka mitano Pumwani hujaa vipaza sauti vya kumsifu mheshimiwa. Hita plagi haijatungiwa hata ubeti mmoja. Nasimama kuisifu mimi, na nieleweke vizuri: sisemi ile nzima inayofanya kazi yake. Nzima haihitaji wakili. Nasifu ile iliyoungua.

Nasaba yake ni ya heshima. Rudolf Diesel alipoikamilisha injini yake kule Augsburg mwaka 1897, fahari yake ilikuwa kwamba haitaki cheche. Hewa inabanwa mpaka inapata moto, mafuta yanaingizwa, yanashika. Katika pikapu kuukuu ya Toyota, au Peugeot 504 ya dizeli ya enzi zile zilipokuwa zikiunganishwa Mombasa, hewa hubanwa zaidi ya mara 20. Hesabu nzuri, mpaka ifike Julai. Alfajiri ya Julai Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na chuma kimelala nje usiku kucha. Joto lote linalopatikana kwa kubana hunyonywa na kuta za kichumba cha mwako kabla dizeli haijalionja. Ndipo ikaajiriwa hita plagi, moja kwa kila silinda: kijiti cha chuma kinachovuta ampea 10 hivi na kuiva ncha mpaka nyuzi 800 au 900 kwa sekunde chache.

Sekunde chache! Hiyo ndiyo siku nzima ya kazi ya hita plagi iliyo hai. Injini ikishashika, inakaa bure mpaka kesho. Iliyokufa, kinyume chake, inaingia zamu kwa adhana ya alfajiri na haitoki mpaka jua limepanda. Pikapu inatakiwa Gikomba kabla marobota ya mitumba hayajakatwa kamba. Stata inalia, inalia, inachoka. Moshi mweupe unatoka nyuma, ndiyo dizeli mbichi iliyopita bila kuungua, na unafukiza Majengo yote bila mtu kutozwa shilingi. Madirisha yanafunguliwa. Muuza kahawa anatua dele lake. Tajiri mwenye gari, ambaye jana alipita hapa kioo kimepandishwa, leo anajua majina ya vijana wote wa barazani.

"Mzee, tia ya pili! Usiachie klachi mpaka nikuambie!"

Naye anatii. Nani mwingine Pumwani anaweza kumfanya mwenye gari amtii kijana asiye na gari? Wakati gari linapokohoa na kushika, wasukumaji huamini wameipasha injini. La hasha. Wao ndio waliopata moto. Injini imezungushwa tu kwa kasi ambayo betri iliyochoka isingeiweza. Lakini tusiwaharibie asubuhi yao, chai imeshaagizwa kwa hesabu ya tajiri.

Na tazameni adabu yake katika kufa. Zile za kale zilifungwa kwa mfululizo, umeme ukipita moja ndipo uende nyingine, hivyo ikiungua moja zote zinazimika na msiba unajulikana papo hapo. Hizi za baadaye kila moja ina njia yake ya umeme. Ya kwanza inakufa kimya, tatu zinabeba kazi, gari linatetemeka kidogo kisha linatulia. Mwenyewe anasema ni baridi. Inakufa ya pili, anasema ni mafuta ya petroli steshini ile. Ikifa ya tatu ndipo anaanza kuegesha juu ya mteremko unaoelekea mto Nairobi, na kuilinda nafasi hiyo kuliko anavyolinda shamba la ushago. Muda wote huo taa ya manjano kwenye dashibodi inawaka na kuzima kwa wakati wake. Katika magari mengi ya zamani taa hiyo haijui lolote kuhusu afya ya plagi. Inahesabu sekunde tu na kutoa ripoti kwamba mambo ni sawa, tabia ambayo ingeifikisha mbali serikalini.

Hita plagi iliyoungua pia imekuza vipaji. Yupo anayeshika kitambaa chenye petroli mbele ya mdomo wa hewa. Yupo anayepuliza dawa ya kopo ya kustati, tena ndani ya injini ambayo bado ina plagi moja nzima inayowaka, na hapo mlipuko unaweza kuja kabla pistoni haijafika juu, ukavunja kitu chenye bei kuliko plagi mia. Yupo fundi aliyeondoa mitambo yote ya kuhesabu muda akaweka swichi ya kubonyeza na waya mnene: bonyeza, soma Bismillahi taratibu, piga stata. Anayesoma sura ndefu huziunguza zote nne kwa mkupuo.

Sasa wapo wasio na shukrani, wanaotaka kuibadilisha. Watambue wanajitia katika kazi gani. Pumwani ina hospitali ya uzazi tangu mwaka 1926, nayo gereji ya jua kali mita chache kutoka hapo inafanya kazi ileile: kutoa kilichomo ndani, kikiwa kizima, bila kumdhuru mama. Fundi mwenye busara humwagia nyuzi za plagi mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake jioni, huiwasha injini ipate joto, kisha hugeuza spana kidogo, akarudisha, akageuza tena. Haharakishi. Ncha ya plagi iliyoungua huwa imevimba, na masizi yameizunguka kwenye tundu lake. Anayesukumiza atasikia mlio mfupi, na kipande cha juu kitabaki mkononi mwake. Hapo ni upasuaji: silinda hedi inashuka, gasketi mpya, siku mbili tatu. Nionyesheni kitu kingine cha bei ya mlo wa watu wachache chenye uwezo wa kulaza gari zima kwenye mawe.

Zikitoka zote nne salama, hupangwa juu ya gazeti. Fundi anazikagua moja moja kwa betri na waya, kwa heshima tu ya maiti. Ya kwanza, giza. Ya pili inaanza kuwa nyekundu nchani. Ya tatu nyekundu. Ya nne nyekundu tena inang'aa. Kimya kinaingia gereji. Anainama kwenye boneti, anafuata waya mpaka kwenye rilei, ile swichi inayozipelekea plagi umeme, anaigonga na mpini wa bisibisi, na kitu ndani kinalia tak.

"Ilikuwa rilei, mzee wangu."

Mpya zote zimeshakazwa na kulipiwa, hazirudi. Zile tatu zisizo na hatia zinapigwa msasa, zinafutwa kwa petroli, zinaingizwa kwenye vikasha vilivyotoka na zile mpya. Kabla ya adhuhuri mteja mwingine anaingia, gari lake likifuka moshi mweupe, akiuliza kama kuna orijino.