Mvua ya Limbani

Mpwa wangu, aliyehamia Maskati angali kijana, na ambaye kila anapofunguliwa riziki hukumbuka kwamba kitovu chake kimezikwa Wete, alileta salamu mwaka juzi kwamba nyumba aliyoijenga hapa Limbani, ambayo mimi ndiye msimamizi wake, ataitilia birika lenye maji ya kuruka. Mke wangu, ambaye kwake yeye birika ni chombo cha kuchemshia chai, alikaa miezi miwili akilitazamia, akaliandalia na nafasi katika kabati, hata siku mafundi walipofika na makoleo yao wakaanza kuchimba shimo la hatua sita kwa nne mbele ya baraza, ndipo alipotambua kwamba ni birika kwa maana ile ya misikitini, akarudi ndani asiseme neno. Mpaka leo ile nafasi katika kabati iko wazi, nami naambiwa kwamba ina mwenyewe.

Nisidhaniwe kwamba nayabeza maji ya anasa, maana hayo si mageni kwetu. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliuletea mji wa Unguja maji ya mabomba akaujengea na hamamu. Na karne nyingi kabla yake, pale Baghdad, ndugu watatu waliojulikana kwa jina la Banu Musa walitunga kitabu cha hila za ufundi ambamo walieleza jinsi ya kuyafanya maji yanayoruka yabadilike umbo, mara mkuki, mara ngao, bila ya mkono wa mtu kugusa. Hata hapa kwetu Pemba, pale Pujini, husimuliwa kwamba Mkama Ndume alikitia kisima chake ukuta katikati ili wakeze wawili wasikutane, mmoja akiteka kwa ndoo na kamba, mwenziwe akishuka kwa ngazi. Nami humhesabu Mkama Ndume, pamoja na ukali wake wote unaotajwa, kuwa ndiye aliyefahamu kuliko hao wengine kwamba balaa ya maji haitoki majini.

Mimi sikupewa ukuta, nilipewa rimoti. Fundi wa umeme aliyekuja kutoka Chake alinionyesha pampu, kiasi cha boga dogo, iliyolazwa chini ya maji, nayo huyavuta maji yale yale na kuyasukuma katika midomo mitatu ya shaba, yakapanda, yakaanguka, yakavutwa tena, na kinachopungua ni kile tu kinachochukuliwa na jua na upepo. Alinionya, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona mengi, kwamba umeme huu unaotujia kwa waya chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010 hauna udugu na mtu aliyelowa, kwa hivyo amefunga swichi inayojikata yenyewe mara umeme unapovuja miliampea 30, walakini isiwe ndiyo sababu ya mtu kutia mkono majini kabla ya kuzima, wala kushika swichi na miguu ikiwa maji. Kisha akaniambia jambo ambalo nililipokea kwa kichwa na kulisahau kwa moyo: kwamba kimo cha maji kisizidi masafa yaliyopo baina ya mdomo wa bomba na ukingo ulio karibu, na siku ya upepo kiwe nusu yake. Ukingo wetu wa karibu uko hatua mbili. Hesabu hiyo hata mtoto wa chuoni aiweza.

Miezi mitatu ya mwanzo nilistarehe. Jioni nilikaa barazani nikabonyeza, maji yakapanda kwa adabu, nikabonyeza, yakashuka, na watoto wa mtaa, waliokatazwa kuvuka kizingiti cha ule uzio wa mbao tuliouweka kwa ajili yao, wakanitazama kama mtu mwenye elimu. Lakini maji yetu haya hupita katika mawe ya chokaa, na chokaa hiyo huganda polepole kwenye tundu la shaba kama ukoko katika chungu cha wali. Na juu ya birika umeinama mkungu, ambao usiku hutembelewa na popo wetu wa Pemba, wale wakubwa wasiopatikana penginepo ulimwenguni, na popo hao hawana ada ya kula kisha wakatupa mabaki mbali. Chujio la pampu likajaa kokwa na nyuzi za kungu, midomo ikazibana, maji yakadhoofika. Nami badala ya kusafisha nikafanya lile lililo jepesi: kila maji yalipopungua nikaifungua koki ya pampu zaidi kidogo, leo robo, kesho robo, hata ikafika mwisho wake.

Ndipo mpwa wangu alipopiga simu akasema, "Shikamoo mjomba, nitumie picha ya maji," nikaona haya. Usiku ule nilizima umeme, nikaifungua ile midomo mitatu, nikailaza katika bakuli la maji ya ndimu na siki (bakuli ambalo nalo lilikuwa na mwenyewe, na kesi yake ingali inasikilizwa), na asubuhi chokaa ikabanduka kwa mswaki ikawa nyeupe kama unga wa muhogo. Nikalikosha chujio. Nikarudisha kila kitu mahali pake. Koki sikuigusa, kwa kuwa sikuikumbuka.

Ulikuwa mwezi wa Agosti, kusi likivuma, nao ni msimu wa karafuu. Nilimwalika rafiki yangu, mwalimu mstaafu kama mimi, aje aone kazi ya mikono yangu, naye akaja na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama kama karatasi, akaketi ukingoni na kikombe cha kahawa. Nikainua rimoti kwa taadhima, nikabonyeza. Maji hayakupanda, yaliondoka. Yakalipita paa la baraza, yakafika kwenye majani ya mkungu, na huko juu yakakutana na kusi, yakalazwa ubavu. Sehemu moja ikamshukia mwalimu, na kikombe chake, alichokwisha kukinywa nusu, kikajaa tena. Iliyobaki ikavuka ukuta wa kaskazini.

Nilibonyeza kuzima, rimoti ikakataa, maana betri nayo ilikuwa ya siku zile zile za mafundi. Nikakimbilia swichi ya ukutani, na hatua moja kabla ya kuifikia nikakumbuka miguu yangu, nikarudi kutafuta kitambaa na kandambili kavu, huku mwalimu akiniuliza, kwa upole uliozidi kunitesa, kama nimesahau kitu. Wakati huo upande wa pili wa ukuta bibi jirani alikuwa ameanika karafuu zake kwenye majamvi, siku ya pili juani, zikianza kushika rangi ya kahawia, naye aliposikia matone akapiga ukelele, "Mvua! Mvua jamani!" Na karafuu ikilowa hupauka na kushika ukungu, kwa hivyo ukelele ule hauhitaji shahidi. Nyumba ya tatu wakakunja majamvi, ya nne wakakunja, vijana wakatoka mbio na magunia, na kwa muda wa dakika tano mtaa mzima wa Limbani uliingiza karafuu ndani chini ya mbingu isiyo na wingu hata moja.

Nilipoufikia umeme maji ya birika yalikuwa yamepungua shibiri nzima na pampu inakohoa, nalo ni jambo baya, kwa sababu pampu ya namna hiyo hupozwa na maji iliyolala ndani yake, na ikimeza hewa kwa muda huungua. Ilinusurika. Mimi ndiye niliyeungua, pale bibi jirani aliposimama mlangoni akiutazama mkungu unaotiririka, kisha akautazama wajihi wangu, akauliza bila ya hasira, "Baba, hii mvua yako huja miezi gani, tupate kujua?"

Nilizianua na kuzianika karafuu zake siku tatu kwa mikono yangu mwenyewe. Koki nimeitia alama ya msumari, chujio nalikosha kila Ijumaa baada ya sala, midomo naitia ndimu kila mwezi, na kimo cha maji hivi sasa ni hatua mbili shwari na moja upepo ukivuma. Mpwa wangu nimempelekea picha iliyopigwa kwa chini, ambayo ndani yake maji yanaonekana marefu kuliko nyumba. Msomaji akijaaliwa kufika Limbani wakati wa kusi, na akaalikwa kahawa, naomba achague kiti cha upande wa kusini wa birika. Vya kaskazini tumemwachia mwalimu, ambaye bado hajarudi.