Uchafu Nao Umepanda Bei

Zamani mavi ya kuku yalikuwa mzigo wa mfugaji. Ukipita bandani kwake anakubembeleza uchukue hata viroba viwili umpunguzie harufu. Pita leo na kiroba kitupu mkononi uone. Jamaa anakuangalia viatu, anaangalia na simu yako, ndipo anataja bei. Ukiomba akupunguzie, ananuna: “Hii samadi ya kuku wa mayai, mzee.” Kwani wale wa nyama huwa wanatoa kitu gani?

Na usidhani ukishalipa yameisha. Samadi ya kuku ikiwa mbichi ni kali. Ukiitia kwenye ndoo ulizopandia mboga, miche inaungua mizizi. Sharti uichanganye na majani makavu, uinyunyizie maji, uifunike, uigeuzegeuze miezi miwili mitatu mpaka iwe nyeusi na inukie udongo. Mabwana shamba wanasisitiza uiweke kivulini, mbali na nyumba. Kwa sisi tuliopanga Tabata, mbali na nyumba ni kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Washauri ndio usiseme. Uani kwetu kila mpangaji sasa ni mtaalamu. Mmoja kang’ang’ania majivu. Kweli yana potasiamu, lakini ukiyamwaga kwa fujo udongo unageuka magadi, na ukiyachanganya na samadi mbichi, ile naitrojeni uliyoilipia inapaa na harufu yake. Mwingine ananikusanyia maganda ya mayai. Namshukuru, ila yasiposagwa yakawa unga, nitahama nyumba hii na kuyaacha mazima. Mama wa chumba cha mwisho yeye hata haulizi. Akimaliza kukamua tui anakuja kumwaga machicha ya nazi kwenye ndoo yangu ya nyanya: “Mbolea hiyo, Baba Asha.” Asubuhi nakuta panya wameyafukua, udongo umetapakaa barazani, na mche umelala chali na mizizi yake nje.

Kinachonikera zaidi ni ulaji wa ndoo zenyewe. Mchanga wa Dar haushiki kitu. Kila ukimwagilia, chakula kinatokea kwenye matundu ya chini. Mchicha wa shambani mizizi yake inatembea kujitafutia. Wa kwenye ndoo umekaa tu unakungoja, kama mtoto wa shemeji aliyekuja likizo: mboji ya juzi imeisha, leta nyingine. Wenzetu wa Kibera wanaopanda sukuma wiki kwenye magunia husimamisha nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike mpaka chini. Kokoto nazo nimeziulizia. Zinauzwa kwa ndoo.

Sikatai, mchicha unavunika ndani ya wiki tatu nne, na ukiungwa kwa nazi hata nyama unaisahau. Ila Mama Asha amenipiga marufuku kutaja mezani kila fungu limetugharimu kiasi gani. Anasema chakula hakimshuki.

Juzi mama mwenye nyumba kapita kukusanya hela ya maji. Huwa anahesabu vichwa. Kwetu kaandika baba, mama, watoto watatu, na bustani.

“Shikamoo, mama. Sasa bustani nayo inaoga?”

“Marahaba. Mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Nimeiona mwenyewe dirishani.”