Wiki ya Toni Nne

Jumatatu

Darasa la Kichina huanza saa kumi na mbili jioni. Dukani Kariakoo natoka saa kumi na moja, kwa hiyo kwa hesabu ya bosi nina saa nzima ya safari. Bosi ana gari. Leo konda alitushusha njiani, akatuunganisha na daladala nyingine iliyokwisha kujaa, akatuhakikishia kwamba nafasi ipo. Ilikuwepo, ya mguu mmoja.

Nilipofika, wenzangu walikuwa wamekwisha kuingia kwenye toni. Kichina sanifu kina toni nne, na nyingine hafifu ambayo haipewi namba. Ya kwanza iko juu na imenyooka. Ya pili inapanda. Ya tatu inazama, kisha inainuka kidogo. Ya nne inaporomoka. Sisi wa Kiswahili tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, neno liwe linataka au halitaki. Mwalimu, ambaye tunamwita laoshi, alisema darasa zima linasikika kama redio ikisoma matangazo ya vifo. Aliyasema hayo kwa upole.

Tulifundishwa kwamba nǐ na hǎo zote ni toni ya tatu. Papo hapo tukafundishwa kwamba toni mbili za tatu zikifuatana, ya mbele inageuka kuwa ya pili. Yaani salamu ya ukurasa wa kwanza inavunja kanuni ya ukurasa wa kwanza. Niliinua mkono ili nitoe hoja. Laoshi akafurahi, akaniomba nisalimie darasa.

Jumanne

Ada amelipa bosi. Mzigo wetu unatoka Yiwu, China: chupa za chai, saa za ukutani, vibanio vya nywele. Anasema amechoka kulipa wakalimani. Angeweza kwenda kusoma mwenyewe, lakini ana presha. Na mimi ninayo, ila yangu haijapata cheti.

Leo aliniuliza mbele ya wateja nimefika wapi. Nikamjibu kwamba niko kwenye namba. Akasema vizuri sana, biashara ni namba. Na kweli namba za Kichina zimepangwa kwa nidhamu ya hali ya juu. Ukishajua moja hadi kumi, kumi na nne ni kumi-nne na arobaini ni nne-kumi, basi, umemaliza. Tatizo ni kwamba nne ni sì na kumi ni shí. Kumi na nne inakuwa shísì, arobaini inakuwa sìshí, arobaini na nne inakuwa sìshísì. Bosi akaomba kuzisikia. Nikazitamka zote tatu, pale pale kaunta, kwa mfululizo. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri chenji aliinama kutafuta paka ninayemfukuza.

Chenji yake ilikuwa sahihi.

Jumatano

Siku ya kuandika. Herufi za Kichina haziandikwi kwenye mistari ya daftari la kawaida. Zinataka miraba, na kila mraba uwe na msalaba wa nukta ndani yake, ili herufi ijue katikati ni wapi. Karatasi hizo unachapisha mwenyewe. Nikapita steshenari mchana.

Mbele yangu kulikuwa na kijana mwenye barua ya maombi ya kazi na dada aliyekuja kuchapa kadi za michango ya harusi. Kadi zilikuwa nyingi. Jina la bwana harusi lilikuwa limekosewa, likarekebishwa, likakosewa upya. Zamu yangu ilipofika, mashine ilitoa nusu ya ukurasa, kisha umeme ukakatika. Mwenye duka akanitoza nusu ya bei, jambo la haki kabisa, halafu akasema hana chenji. Dada wa harusi akatumia fursa hiyo kunipa kadi.

Jioni nilikaa na nusu ukurasa wangu. Kuandika Kichina kuna utaratibu ambao hata benki wangeuonea wivu. Mstari wa kulala unatangulia wa kusimama. Juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia. Herufi yenye boksi ina sheria yake ya ziada. Leo ilikuwa 国, guó, maana yake nchi, na ina mistari minane. Unachora kuta za boksi, unaweka vilivyomo, na mstari wa chini unaufunga mwishoni kabisa. Laoshi ana msemo wa kwao: watu waingie kwanza, ndipo mlango ufungwe. Mimi natunza stoo. Kazini kwetu mlango unafungwa kwanza, kuhesabu ni baadaye. Karatasi ikishakauka hakuna anayeweza kujua mstari upi ulitangulia. Laoshi alijua kwa sababu alikuwa amesimama nyuma yangu.

Jirani yangu wa dawati ni mtoto wa darasa la tatu ambaye mama yake anamleta na kumfuata. Ana adabu zake. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Kisha akaninong'oneza, "Babu, chini ni mwisho." Yeye alikuwa amekwisha kujaza ukurasa mzima, na nyuma yake alikuwa anachora gauni. Nilimwomba ufutio. Alinipa, akanyoosha kiganja, akakiacha hapo hapo hadi nilipomaliza.

Alhamisi

Mvua. Daladala zimepandisha nauli na kupunguza safari kwa wakati mmoja. Sikwenda.

Nilisoma nyumbani habari za pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa alfabeti hizi zetu, na vialama vya toni juu ya irabu. China iliipitisha rasmi mwaka 1958. Anayetajwa kuwa baba yake ni Zhou Youguang, mwanauchumi aliyepata kufanya kazi benki kabla ya kuingizwa kwenye mambo ya lugha. Alifariki mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 111. Nilimsomea mama watoto sehemu hiyo kwa sauti: mtu wa hesabu, akahamishiwa kwenye Kichina, akafika miaka 111. Akasema basi niendelee tu, na nikimaliza nikinge maji.

Ijumaa

Mazungumzo ya wawili wawili. Kila jozi dakika tano. Mwenzangu ni dada anayeuza simu, ambaye alikuwa anajibu wateja wake chini ya meza. Zile dakika ambazo hakuwa ananiangalia ndizo nilizosema vizuri zaidi.

Mada ilikuwa familia. Familia ya kitabuni ina baba, mama, mtoto na paka. Wote wanaishi nyumba moja na wote wamekaa. Dada akaniuliza nyumbani tuko wangapi. Swali hilo hata kwa Kiswahili linahitaji maandalizi. Kuna sisi, kuna watoto wa marehemu kaka, kuna shemeji aliyekuja kwa matibabu ya macho akapona. Kichina nacho hakikubali useme ndugu ukanyamaza. Kaka mkubwa ni gēge, mdogo wa kiume ni dìdi, dada mkubwa ni jiějie, mdogo wa kike ni mèimei. Hapo niliwaelewa, hata sisi tunajua umuhimu wa nani alitangulia. Nikaanza kuwapanga mmoja mmoja kwa umri. Dakika zetu zikaisha nikiwa mlangoni kwa shemeji, ambaye kwa ngazi hii bado hajapewa neno.

Laoshi alitushukuru. Jozi iliyofuata ilisema ina watu watatu, ikapigiwa makofi.

Jumamosi

Bosi ameamua kupima mtaji wake. Alinikabidhi simu, WeChat ikiwa wazi, nimtumie muuzaji wetu wa Yiwu ujumbe wa sauti: tunataka kununua chupa za chai, katoni mia mbili. Wateja wawili walisogea karibu. Mlinzi naye akaacha geti.

Kununua ni mǎi, toni ya tatu. Kuuza ni mài, toni ya nne. Watu walioanza biashara kabla ya mataifa mengi kuwepo wakaona tofauti hiyo inatosha. Nilishusha sauti kama nilivyofundishwa. Kwenye kuiinua, pikipiki ilipiga honi.

Muuzaji alijibu baada ya muda, kwa Kiingereza cha pole pole. Alisema kiwanda chake hakinunui chupa za chai, kinazitengeneza. Hata hivyo angependa kusikia bei yetu. Bosi alinyamaza kitambo kirefu kuliko nilivyotazamia. Alikuwa anapiga hesabu.

Nilimshauri siku nyingine tuandike. Kwa maandishi hakuna utata wowote: 买 ni kununua, 卖 ni kuuza, ya pili ina kofia ya msalaba. Mistari sita kwa minane. Bosi akasema ada aliyolipa ilikuwa ya kuongea.

Jumapili

Kazi ya nyumbani: rekodi mazungumzo mafupi na mtu yeyote wa nyumbani, tuma kwenye kundi la darasa kabla ya saa mbili usiku. Mama watoto alikataa, alikuwa na kikao cha kikoba. Watoto walijificha. Shemeji alisema macho yanamuuma.

Nikaenda kwa mzee wa nyumba ya pili. Nikampa shikamoo, akajibu, "Marahaba, kijana," ingawa mimi nina wajukuu. Mzee alifanya kazi kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, ule wa 1970 hadi 1975, kambi ya Mang'ula, na alifanya na Wachina bega kwa bega. Hajui kusoma herufi hata moja. Anajua kuaikuai, fanya haraka, na manman, taratibu, na mengine ambayo alisema si ya kurekodi siku ya ibada.

Nilimwandikia majibu kwa pinyin kwenye karatasi. Hakuitazama. Nilipomuuliza jina lake kwa Kichina, alijibu jambo refu, akacheka peke yake, akanigonga begani. Nikatuma hivyo hivyo, saa mbili kasoro dakika moja, kwa bando la kuazima.

Laoshi amejibu. Ameweka alama ya dole gumba na kuandika kwamba toni za msemaji wa pili ni nzuri sana, za asili kabisa. Anauliza kama angependa kujiunga na darasa. Nimemfikishia mzee. Anataka kujua kama kwenye ada kuna nauli.