Taadhima kwa Ukoga

Wafalme wasiomlisha mtu hata tonge wamesifiwa, farasi wasiowahi kushinda mbio wamesifiwa, na waridi, ambalo kazi yake yote ni kunukia siku mbili na kupukutika, limetungiwa mashairi mengi kuliko mtama uliowashibisha watunzi wake; lakini ukoga, yaani ule utando wa kijani utelezao ambao huvaa kioo cha tangi la samaki, hupanda mawe, huziba mipira ya maji, na ukifutwa leo kesho hurudi na bashasha ile ile, haujapata kutajwa hadharani pasipo laana. Dhuluma hiyo imedumu kupita kiasi. Nimekusudia kuusimamia ukoga mbele ya kadamnasi, na ili hoja zangu zisielee hewani, nitazitia nanga Rohero, mtaa wa Bujumbura wenye nyumba zilizojengwa zama za Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura.

Tumtwae mkazi mmoja wa mtaa huo, mwenye shauku kubwa na mfuko mwepesi, aliyeapa kuotesha miche ya matumbawe sebuleni mwake, ilhali bahari ya karibu iko zaidi ya kilomita 1,000 mashariki yake. Fundi wa vioo humkatia vipande vitano, naye huviunga kwa gundi ya silikoni akapata tangi la lita 60. Hununua chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, gramu 35 au karibu yake kwa kila lita, maana chumvi ya mezani haina kalsiamu na magnesiamu za kutosha kulijengea tumbawe mifupa yake. Hutundika taa, huzamisha pampu ndogo ya kuyatikisa maji, kisha hungoja majuma kadhaa hata bakteria wazoee kugeuza amonia yenye sumu kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Tumbawe lenyewe huja na hati zake, kwa kuwa matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, nayo kihalali hayavuki mpaka bila kibali. Likiisha kufika, hununa. Joto likizidi hununa. Maji yakipungua kwa mvuke na chumvi ikapanda, hununa. Umeme ukikatika usiku kucha, huanza kufa.

Ukoga hauombi kibali, haulipiwi nauli, wala haungojei kukaribishwa. Huingia umejificha juu ya jiwe au ndani ya tone la maji, hutangulia na vazi la hudhurungi, hufuatisha vazi la kijani, na kabla mwenye nyumba hajajua la kusema, umekwisha kuota nywele na ndevu. Chumvi ikipanda huvumilia. Umeme ukikatika hutulia ukangoja urudi, bila kumlaumu mtu. Nauliza, ni mgeni gani mwingine aingiaye nyumba za Rohero mwenye adabu ya namna hiyo?

Wale wapimao heshima kwa nasaba na watoe zao, nao ukoga utatoa yake. Zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, wakati nchi kavu haikuwa na jani wala baharini hamkuwa na samaki, wazee wa ukoga, ambao wataalamu huwaita sianobakteria, walikuwa tayari wakila mwanga wa jua na kutoa oksijeni, hata hewa ya dunia nzima ikageuka tabia na kuwafaa viumbe ambao hawajazaliwa. Basi mtu apindaye mgongo juu ya tangi lake, akakwangua kioo kwa wembe huku akitweta kwa hasira, ajue kwamba pumzi anayoitweta ni hisani ya ukoo ule ule anaoukwangua.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mashahidi, maana chini ya Rohero limelala Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, ambalo kwa maajabu yake liliwahi kumhadaa hata mwanachuoni. Mwingereza J. E. S. Moore, alipoona kwamba ndani ya maji hayo matamu kuna yavuyavu, na konokono wenye makombe yafananayo na ya baharini, aliandika kitabu mwaka 1903 kushikilia kwamba ziwa hilo zamani lilikuwa mkono wa bahari. Rai yake haikusimama. Na laiti ingalisimama, na bahari yenyewe ikabaki mahali pake, mkazi wetu angalijiokolea gharama ya chumvi. Lakini kama Moore aliukosa ukweli wa bahari, samaki aliyepewa jina lake mwaka 1898, Tropheus moorii, hakuukosa ukweli wa ukoga: huyo umri wake huutumia kwenye mawe ya ufuoni, akiuchuna utando huo kwa meno yaliyoumbwa kwa kazi hiyo. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyesafirisha samaki wa ziwa hili kutoka Bujumbura na kuandika vitabu juu yao, aliwafikishia watu wa ng'ambo uzuri ambao kwa samaki kama huyo ulinenepeshwa na ukoga, na sijasikia mnunuzi hata mmoja aliyeushukuru. Na wasiojali samaki wa mapambo wajiulize ndagala wa sahani yao ameshiba nini. Ndagala hula vidudu vidogo vieleavyo majini, navyo vidudu hula mwani mdogo ueleao, jamaa wa ukoga; na mwaka 2003 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba ziwa lilivyopata joto mwani huo ulipungua, wakakadiria kwamba mavuno ya samaki yamepungua kwa kadiri ya asilimia 30. Ndipo tuone ni nani aliyekuwa akitulisha.

Nimefika sasa kwenye siri ambayo matumbawe, kwa kiburi chao, yangependa isitajwe mbele za watu. Ndani ya nyama ya tumbawe linalojenga miamba wamo mwani wadogo mno, wasioonekana kwa jicho tupu, ambao kwa mwanga wa jua hupika sukari, na wakampa mwenyeji wao sehemu kubwa ya riziki yake, inayoweza kufikia asilimia 90. Na ni kwa nguvu hiyo tumbawe hupata wepesi wa kulijenga jiwe lake. Si ndugu wa tumbo moja na ukoga wa kiooni, nakiri, lakini ni watu wa biashara moja, kwani wote wawili huchuma kwa jua. Kwa hesabu hiyo, nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa yake, na milango yao ya nakshi, na mabaraza ambamo mashehe walidurusu na washairi walijibizana, zimesimama juu ya jasho la viumbe ambao hakuna aliyewaalika barazani. Na ithibati ya mambo hayo ilitoka mwaka 1998, Bahari ya Hindi ilipopata joto lisilo la kawaida: matumbawe ya Kenya, ya Mafia na ya kwingineko katika bahari hiyo yaliwatoa nje mwani wao, yakageuka meupe, na mengi yakafa. Kasri lilimfukuza mpishi, likafa njaa milango ikiwa wazi.

Najua watasimama wenye masuto, waseme kwamba ukoga huo huo niusifuo huufunika mche wa tumbawe, huunyima mwanga, huubana nafasi, na mwisho huuua. Sikatai. Lakini hakimu mwadilifu huuliza kwanza ni nani aliyemwita mshtakiwa mahali pa tukio. Ukoga hauoti penye ufukara. Huota penye fosfati iliyokuja na maji ya bomba yasiyochujwa, penye chakula kilichotupwa kwa wingi na mtu aliyedhani kwamba ukarimu ni kumwaga, na penye taa iliyoachwa ikiwaka tangu alfajiri mpaka usiku wa manane. Baharini nako mambo ni hayo hayo: watu wakiisha kuvua pono na tafi walao mwani, wakaelekeza na mifereji ya maji machafu ufuoni, mwani huufunika mwamba, kisha lawama yote hutupiwa mwani. Mpelelezi wa namna hiyo, asiyelipwa, asiyehongeka, atoaye taarifa yake kwa rangi ambayo hata asiyejua kusoma huielewa, angestahili nishani. Sisi tumemwekea wembe.

Tena ukoga si mpelelezi tu, ni mtumishi. Mtaalamu Walter Adey wa Taasisi ya Smithsonian huko Marekani alionyesha, tangu mwisho wa miaka ya 1970, kwamba ukitiririsha maji ya tangi juu ya wavu wenye kukwaruza na kuuangazia taa kali, ukoga utakimbilia huko, utajinenepesha kwa nitrati na fosfati, na maji yatarudi tangini yamepunguziwa uchafu. Hapa ndipo mfuko mwepesi wa Rohero unapopata faraja, kwani mitambo ya kuondoa uchafu kwa povu na dawa za kunyonya fosfati huja kwa ndege na kwa bei ya ndege, ilhali kipande cha wavu wa plastiki, bomba lililotobolewa na taa moja vyapatikana mjini. Kazi ya mwenye tangi inabaki moja: kuvuna sehemu ya ukoga huo kila juma, na kuutupa bustanini baada ya kuusuuza chumvi. Mtumishi gani mwingine hufanya kazi mchana na usiku, na ujira wake ni uchafu wa bwana wake?

Kwa sababu hizo zote natoa shauri, si kwamba wembe utupwe, maana hata masultani wema huwekewa mipaka, bali kwamba utumike kwa staha: kioo cha mbele kisafishwe kwa ajili ya wageni, cha nyuma kiachiwe ukoga kwa ajili ya haki, na wavu wake upewe taa iliyo bora kuliko zote. Na huyo mkazi wa Rohero ajiitaye mfuga matumbawe akubali cheo chake halisi, nacho si kidogo: yeye ni mkulima wa ukoga wa aina mbili, mmoja anaoulipia nauli ya ndege ukiwa umefungwa ndani ya tumbawe, na mmoja anaoupata bure kwenye kioo, na akitaka kujua ni upi kati ya hizo mbili uliomgharimu zaidi na kumtumikia kwa subira ndogo zaidi, hesabu zake za mwezi zitamjibu.