Baridi Isiyojisifu

Wasifaji wa hapa kwetu wameisifu mvua, wamewasifu ng'ombe, na kila baada ya miaka mitano huwasifu wanasiasa hadi koo zikawakauka. Baridi ya Machakos haijapata wa kuisifu. Naona hiyo ni dhuluma, na kwa vidole hivi vilivyokufa ganzi nimeamua kuirekebisha.

Kwanza, nasaba yake ni ya heshima. Wengi hudhani ni mzaliwa wa milimani, kumbe ni mtoto wa pwani. Upepo wa kusi hutoka baharini ukiwa umebeba unyevu, ukasafiri bara hadi ukakutana na vilima vya Iveti na Mua. Hapo hauna budi kupanda, na ukipanda hupoa, unyevu wake ukageuka wingu zito linaloukalia mji huu ulio mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti kuna siku ambazo jua halifungui ofisi kabla ya saa sita mchana.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni unyenyekevu. Baridi za wenzetu zina makeke. Ile ya Minnesota, wanakoishi Wakenya wengi, huweza kushuka chini ya nyuzi 20 hasi, ikafunga shule na kuzika magari kwenye theluji. Wajerumani yao wameitungia hadi sheria ya matairi. Yetu haitaki makuu. Usiku huteremka hadi nyuzi kumi na kitu, ikatulia papo hapo. Mpigie simu ndugu yako aliye Minneapolis umlalamikie uone atakavyocheka. Hata Waingereza, waliotawala bara kutokea Machakos kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1899, waliifuata reli, baridi hawakuisingizia. Na kwa kuwa hakuna anayeiogopa, hakuna anayejiandaa nayo. Nyumba zetu hazina dohani, matatu zetu hazina taa za ukungu, na watoto wetu wamefundishwa kuhusu malaria lakini hawajafundishwa kuhusu jiko.

Ah, jiko! Hapa ndipo ufundi wake ulipo, maana baridi yetu haimgusi mtu kwa mkono wake. Hutuma jiko. Mama mmoja katika ploti, chumba kimoja, ameanza kuchemsha muthokoi tangu saa kumi. Ikifika saa tatu usiku chakula kimeiva na watoto wameshiba, lakini makaa bado ni mekundu. Makaa siku hizi si kitu cha kutupa. Mwaka 2018 majirani zetu wa Kitui walipiga marufuku kuyasafirisha nje ya kaunti yao, na tangu hapo mnunuzi huyatazama kwa adabu. Basi nani ayamwagie maji? Jiko linaingizwa ndani. Dirisha linafungwa, tundu la ukutani linazibwa kwa gazeti, blanketi kuukuu linalazwa chini ya mlango. Moshi haupo tena, kwa hiyo kila mtu anaamini hatari nayo haipo.

Hapo ndipo hewa ya kaboni monoksidi inapoanza zamu yake. Haina rangi, haina harufu, haimkohozi mtu. Ikiingia katika damu hukalia kiti cha oksijeni, na nguvu zake za kukishika ni zaidi ya mara 200 ya zile za mwenyewe. Kichwa kinauma, mtu anadhani ni mafua ya Julai. Kichefuchefu kinakuja; anaulaumu muthokoi. Kisha anasinzia, na anamshukuru Mungu kwamba usingizi umekuja upesi. Adabu iliyoje! Mwizi huvunja mlango. Hii humwacha mwenye nyumba aufunge mwenyewe, tena kwa komeo. Wala usidhani jiko lenye udongo ndani, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, linaichukiza. Jiko hilo linaokoa makaa kweli, lakini makaa hayo machache hutoa hewa ileile.

Wapo wakorofi wanaoivurugia kazi. Hawa huota moto mapema dirisha likiwa wazi, hulitoa jiko nje kabla ya kulala, halafu huvaa soksi na kuomba blanketi la pili. Wakimkuta mtu amelegea, humtoa kwanza nje penye hewa safi, ndipo watafute gari la hospitali. Watu wasio na shukrani kabisa.

Barabarani baridi yetu hutumia mtumishi mwingine, ukungu. Tokea Kyumvi kuelekea Lukenya, kuna alfajiri ambapo Barabara ya Mombasa yote imekuwa uji. Sheria za waziri wa uchukuzi Michuki za mwaka 2004 ziliifungia matatu kwenye kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari humeza mita 22 kila sekunde, na macho yakifika mita 30 tu, dereva amebakiwa na sekunde moja na ushee wa kuamua mambo yake ya dunia hii. Dereva anaijua hesabu hiyo. Shida ni kwamba yeye huifanya kwa shilingi. Anawasha taa kali ili aone mbali, matone ya ukungu yanamrudishia mwanga wote usoni, naye anaongeza mafuta ili autoroke ukungu. Nyuma yake abiria kumi na wanne wamekataa dirisha lolote lifunguliwe, kioo cha mbele kimejaa pumzi zao, na anakifuta kwa mkono wa sweta.

Mbele kuna lori lililoharibika. Onyo lake ni matawi na mawe matatu yaliyopangwa njiani, na likishatengenezwa mawe huachiwa atakayefuata. Mwenye bodaboda amevaa jaketi kinyumenyume, zipu mgongoni, na kofia ya marvini mahali pa helmeti. Juu ya haya yote manyunyu yanadondoka, machache mno kuiosha lami, yanayotosha tu kuchanganya vumbi na oili.

Anayetaka kuiudhi baridi hapa hufanya mambo madogo sana: taa za chini, mwendo wa konokono, nguo za kung'aa kwa anayetembea kwa miguu, na safari ya saa kumi na moja kusogezwa hadi saa tatu.

Hekima yake utaiona ukiilinganisha na ukungu wa London. Desemba 1952 ukungu ule, uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe, ulikaa siku tano na kuua maelfu ya watu. Ulikuwa na pupa. Kufikia mwaka 1956 bunge la Uingereza lilikuwa limetunga sheria ya hewa safi, na huo ukawa mwanzo wa mwisho wake. Baridi yetu huchukua wawili kwenye ploti hii, mmoja kwenye kona ile, wiki ijayo familia moja upande wa pili wa kilima. Kila msiba una harambee yake na kaburi lake, na hakuna bunge linaloitishwa.

Zingalipo sifa nyingine, lakini wewe msomaji, kama unasoma haya usiku na jiko liko ndani, simama sasa hivi ulitoe nje. Sifa zilizobaki baridi itazisikia hata usipokuwepo.