Ukitaka Ploti ya Mtoni, Nenda Mvua Ikinyesha

Dalali akikuita ukaone shamba la mtoni Februari, mwambie utakuja Mei. Mwambie na yeye aje na gambuti. Atashangaa, pengine ataguna kwamba kufikia Mei ploti zitakuwa zimekwisha. Mwache ashangae. Mto hauuzwi kiangazi kama vile ng'ombe wa maziwa hanunuliwi kabla hujamwona akikamuliwa.

Februari mto Njoro, huku Nakuru, hupendeza mno. Maji yamebaki vidimbwi, watoto wanacheza mpira mchangani, na ile ploti ya futi hamsini kwa mia unayooneshwa inaonekana iko juu, mbali na balaa lolote. Niliwahi kuoneshwa moja kama hiyo, nikaipenda palepale. Nikaanza hata kupanga baraza itazame upande gani. Karibu na hapo palikuwa na mama mmoja akichunga mbuzi wake.

"Habari yako, mama?"

"Nzuri, mwanangu. Unanunua hapa?"

"Bado natazama tu."

Akanyoosha fimbo kuelekea juu ya mgunga. "Basi tazama pale."

Kwenye tawi lililonizidi kimo palikuwa na gunia lililojisokota, nyasi kavu zilizoshikamana kwa tope, na patipati moja ya mtoto. Hakuna mtu aliyepanda kuviweka. Mto ndio uliovipandisha, kisha ukateremka ukaviacha. Mama akarudi kwa mbuzi wake, nami nikamwambia dalali kwamba nimeshaona vya kutosha.

Basi hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mnunuzi: ukifika mtoni, inua macho mitini. Tope lililokauka kwenye shina, takataka zilizonasa kwenye matawi, ukuta wa jirani wenye mstari wa kahawia kiunoni, hizo ni barua ambazo mafuriko yameandika na hakuna dalali anayeweza kuzifuta zote. Sikiliza vyura pia. Wakiimba nyuma ya mahali unapotaka kuweka jiko, jua wao ndio wenyeji na wewe ndiye mgeni. Halafu tafuta mzee aliyeishi hapo miaka 40 au zaidi, kaa naye, mwulize maji yaliwahi kufika wapi. Usimwulize kama yatafika. Mwulize yalifika wapi.

Ukishatoka mtoni, nenda kwa msajili wa ardhi. Fanya utafutaji rasmi, chukua ramani ya eneo, lipa saveya akuoneshe bikoni moja moja kwa mguu. Kama ni ardhi ya kilimo, ombi la kibali cha bodi ya ardhi liwasilishwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mkataba wenyewe unakufa. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa yake iwe kwenye karatasi. Haya wengi wanayajua.

Wasilolijua ni kwamba hati inaweza kufika mpaka majini na bado usiwe na ruhusa ya kujenga huko. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 zilieleza ukanda wa mto hivi: pima kuanzia ukingo wa juu, upana sawa na wa mto wenyewe, usipungue mita 6 wala usizidi 30, pande zote mbili. Humo hulimi, hukati miti ya asili, hujengi nyumba ya kudumu, hupandi mikaratusi. Ardhi inabaki kwa jina lako, matumizi ndiyo yamefungwa. Na ukitaka kutia pampu unyweshe nyanya zako, kuna kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Sasa pima mwenyewe: kwenye hamsini kwa mia, ambayo kwa urefu ni kama mita 30 tu, nyumba utaiweka wapi?

Wanunuzi wengi huona ukanda huo kama hasara. Mimi naona ndio mali yenyewe. Ulichokifuata mtoni ni kivuli cha mikuyu, ndege wa alfajiri, hewa baridi inayopanda na sauti ya maji. Vyote vimo mle mle usimoruhusiwa kujenga. Ukiufyeka ili uone maji vizuri, umejinunulia mfereji.

Tena ukumbuke kwamba mto unaununua pamoja na watu wa juu. Malewa unashuka kutoka milima ya Nyandarua hadi ziwa Naivasha, na ndio unaolilisha ziwa hilo kwa sehemu kubwa. Kijito chake cha Turasha ndicho kina bwawa linalopeleka maji Gilgil na Nakuru. Wakulima wa milimani huko waliwahi kupewa vocha, kwa mchango wa watumiaji maji wa Naivasha, ili wapande nyasi kwenye matuta na udongo usiteremke. Njoro nao unatoka Mau Mashariki, ambako serikali mwaka 2001 ilitoa makumi ya maelfu ya hekta za msitu kwa makazi. Msitu ukipungua kule, huku chini mto unakauka zaidi kiangazi na masika unakuja kwa kishindo. Kabla ya kulipa, panda hadi chanzo siku moja, ujue jirani yako wa juu anafanya nini.

Na watu wa chini pia. Ziwa Nakuru, ambako Njoro unaishia, halina mahali pa kutolea maji. Lilipofurika miaka hii, familia za Mwariki na Barut zilipoteza nyumba. Kule Naivasha, mtaa wa Kihoto ulimezwa na ziwa mwaka 2020, na tena 2025.

Kuna jambo ambalo siwezi kulitania. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipasuka Solai na watu zaidi ya 40 wakafa. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya kucha, maji yaliyokuwa yamezibwa chini ya reli yalifumuka yakashukia kijiji cha Kamuchiri, karibu na Mai Mahiu, na zaidi ya watu 50 wakafa. Walikuwa wamelala. Kwa hiyo ukikagua ploti, uliza pia kuna nini juu yako ambacho si mto: bwawa la shamba kubwa, tuta la reli, daraja lenye kalvati iliyoziba. Nenda ukakitazame kwa macho yako. Kama hukuridhika, usinunue, hata kama ulishatoa arubuni. Ni heri ipotee hiyo asilimia 10 ya bei.

Na ukiikataa ploti, usiondoke kimya. Mnunuzi mwingine atakuja wiki ijayo, Februari ile ile, na mtoto mgongoni. Mwoneshe tawi.