Mwongozo wa Mchimbaji Asiyetaka Kuiona Asidi

Ndugu uliyepata kilima chenye makaa ya mawe huko Pennsylvania au West Virginia, hongera na pole. Hongera kwa makaa. Pole kwa kuwa tangu Marekani ilipotunga sheria ya uchimbaji wa juu ya ardhi mwaka 1977, hupati kibali mpaka ueleze maji yatakayotoka mgodini yatakuwaje hata baada ya wewe kufunga virago. Usihofu. Utabiri huu ni hesabu, na penye hesabu hapakosi mwanya.

Adui yako ni pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa na kuwahadaa watafuta dhahabu. Akiwa chini ya ardhi amelala. Mvunje umwanike kwenye hewa na mvua, atatoa asidi ya salfa pamoja na chuma, na tope la rangi ya chungwa litatanda mtoni. Wapo na bakteria wanaojipatia riziki kwa chuma hicho: mwaka 1970 Singer na Stumm walieleza kuwa viumbe hao huharakisha hatua iliyo ya polepole kuliko zote zaidi ya mara milioni moja. Kinachoweza kuizima asidi hiyo ni chokaa iliyomo katika miamba hiyohiyo. Ndiyo maana maabara hupima salfa upande huu, chokaa upande ule, kisha hutoa. Kila asilimia 1 ya salfa katika tani 1,000 za mwamba hudai tani 31.25 za chokaa.

Anza na mahali pa kutoboa. Toboa kileleni tu, ambako makaa yamefunikwa na mwamba mnene, maana huko chokaa bado ipo. Karibu na ukingo wa kilima mvua za karne nyingi zimeshaisomba, na sehemu kubwa ya mgodi wako huenda ikawa hukohuko, lakini nani kakuuliza? Ukifika kwenye mwamba mweusi mwembamba ulio juu tu ya makaa, ambamo pairaiti hupenda kujificha, usiupime peke yake. Uchanganye na mita kadhaa za mchanga-mwamba mwema. Wastani huficha mengi.

Sasa njoo kwenye raha yenyewe. Kabla ya kupima chokaa, fundi wa maabara hudondosha asidi juu ya unga wa jiwe na kutazama povu: hakuna, kidogo, wastani au jingi. Jicho lake ndilo linaloamua asidi kiasi gani itumike katika kipimo chenyewe, na asidi ikizidi, jiwe huonekana lina chokaa kuliko lilivyo. Jiwe moja, mafundi wawili, majibu mawili. Mtafute anayeona povu kila mahali.

Ukijaliwa, mwamba wako utakuwa na sideraiti. Hii ni kabonati ya chuma, rafiki mnafiki: maabarani inakula asidi kama chokaa halisi, na namba yako inapanda vizuri. Ila chuma chake kikishakutana na hewa huirudisha asidi yote iliyomezwa. Wenye kujua huongeza hidrojeni peroksaidi ili chuma kijifichue papo hapo. Ukiiona chupa hiyo mezani, uliza kwa upole kama ni lazima.

Wakikushurutisha kupima kwa muda mrefu, yaani jiwe liwekwe ndani ya chombo, lipulizwe hewa kavu siku 3, hewa yenye unyevu siku 3, na siku ya 7 lioshwe, kubali kwa moyo mkunjufu. Kisha acha mapema. Chokaa hufa kwanza, asidi huja baadaye, na ripoti yako itakuwa imeshapigwa muhuri.

Mkulima wa bondeni akija kulalamika, mwambie mto ulikuwa hivyo tangu zamani. Pennsylvania ina maelfu ya kilomita za mito iliyoharibiwa na migodi iliyotelekezwa, kwa hiyo huenda akakuamini. Bahati mbaya, sheria ileile inadai maji yapimwe kabla ya kuchimba, na namba hizo zimo katika jalada la kibali chako. Hapo sina ushauri.